Gawanya kwa Nane

Siku niliyokabidhi funguo za karakana, ninyi mafundi wenzangu hamkuniuliza habari za vyeo wala mafao. Mliniuliza, "Mama Zuhura, zile kasi za diski za zamani ulikuwa unazigeuzaje kichwani bila karatasi?" Nilicheka, nikasema nitawaandikia. Sasa niko nyumbani Kaloleni na kikombe changu cha chai ya tangawizi, na Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi kama mgonjwa asiyetaka wageni. Muda ninao. Nimegundua kwamba mstaafu ana muda mwingi kuliko akili ya kuutumia.

Msitarajie jedwali. Majedwali yamejaa kila mahali na hayajawahi kumzuia mtu kukosea. Nitawaeleza nilivyofundishwa kugawanya kwa nane, halafu siku niliyosahau kugawanya, na kilichompata mama mmoja wa Nduruma kwa sababu yangu.

Nilipoanza kazi pale chuoni, karakana ya kompyuta ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mlima. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mbise, Mmeru wa Akeri, mrefu, mkimya, aliyevaa koti la kijivu hata jua la Januari likiwaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi beba hii."

Akaniwekea mikononi diski nzito kama tofali. Mafunzo yangu ya siku ya kwanza yalikuwa hayo: kusimama na lile tofali huku yeye akitafuta bisibisi ambayo, kama mnavyojua, ilikuwa mfukoni mwake. Alipoliunganisha na umeme lilianza kuimba. Ninyi wa sasa mnafanya kazi na vitu bubu, hamjui utamu huo. Diski za zamani zilianza kwa mngurumo wa chini, zikapanda taratibu, kisha zikatulia kwenye noti moja ndefu, na mtu ukiisikiliza unajikuta umetazama mlima dakika kumi bila kuuona. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa naisikia.

"Hii inapitisha biti milioni tano kwa sekunde," alisema Mzee Mbise. "Ni nyingi au chache?"

"Nyingi sana, mzee."

"Hujui. Unaniheshimu tu."

Saa ya chai ilipofika alinipeleka kwa mama aliyekuwa akiuza ndizi mbivu nje ya lango. Akachukua chana moja, akanihesabia ndizi nane, zilizozidi akala. "Biti ni ndizi," alisema huku akitafuna. "Baiti ni chana. Herufi moja unayoiona kwenye skrini, hiyo A au hiyo B, ni chana nzima ya ndizi nane. Mtu akikutajia kasi, usishangae kwanza. Muulize: ndizi au chana?"

Nikagawanya. Ndizi milioni tano kwa nane ni chana laki sita na elfu ishirini na tano. Ile kasi iliyonitisha ikawa haifiki hata megabaiti moja, yaani chana milioni, kwa sekunde. Ndipo akanionyesha kwamba hata kwenye maandishi ndizi na chana hutofautiana kwa herufi moja tu: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Ugomvi wote wa kazi yetu umo ndani ya tumbo la herufi hiyo.

Jumamosi moja alinialika kwao Akeri. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa, ulipita mfereji, maji baridi yaliyotoka juu msituni. Alidondosha jani kavu majini, tukatembea nalo. Sehemu moja mfereji ulikuwa mpana, jani likaelea kivivu. Mbele ukapita kwenye bomba jembamba chini ya njia, na nyuma ya bomba hilo maji yalikuwa yamejaa yakingoja.

"Umeona? Huku juu mfereji ni mpana, lakini shamba la chini linapata kile kinachopita kwenye bomba. Diski inaweza kuandikwa mia. Wewe tafuta bomba liko wapi. Na hata bomba likisema kumi, maji hayajai bomba wakati wote. Yanasimama, yanajikwaa, yanapumua."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha migomba kikahama. Nadhani nilisinzia. Nilikuwa msichana wa mjini, mtoto wa Kaloleni ambaye maji aliyajua kwa jina la bomba, na sikuwahi kuona maji yakitembea peke yake bila mtu kuyafungulia koki.

Kisha miaka ikapita, na kebo zikapita. Zikaja zile bapa kama utepe wa zawadi, zenye lebo zilizopanda mwaka hadi mwaka: thelathini na tatu, sitini na sita, mia, mia thelathini na tatu. Hizo zilitajwa kwa chana, megabaiti. Mkitaka kuzilinganisha na kasi za leo zinazotajwa kwa ndizi, zidisheni kwa nane: mia thelathini na tatu inakuwa megabiti elfu moja na sitini na nne, gigabiti moja na ushee. Watu waliocheka kebo zangu bapa walinyamaza niliposema hivyo. Kisha zikaja kebo nyembamba, nazo zikataja ndizi: gigabiti moja na nusu. Mzee Mbise alikuwa karibu kustaafu. Nikagawanya kwa nane mbele yake kwa mbwembwe, nikapata megabaiti mia na themanini na saba na nusu. Akatikisa kichwa.

"Hapo gawanya kwa kumi. Hawa wanafunga kila chana kwa ndizi kumi. Nane za mwenye mali, mbili za mbebaji."

Ikawa mia na hamsini kamili, kama kitabu kilivyosema. Ndizi mbili za mbebaji zilinifurahisha kwa wiki nzima. Baadaye mzee alirudi kwenye migomba yake, na miaka michache mbele tukamzika hukohuko, na mfereji uliendelea kupita nyuma ya kaburi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichukia mfereji ule siku moja, nikausamehe.

Sasa nifike kwa Mama Neema.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, kabla ya saa mbili, amefunga kompyuta nzima kwenye kanga. Alikuwa katibu wa kamati ya mfereji wao kule Nduruma. Mumewe, Baba Neema, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mtafiti mmoja aliyepita zamani alimwachia marehemu kamera ndogo, na kwa zaidi ya miaka sita kila asubuhi saa mbili Baba Neema alisimama mtoni, juu kidogo ya lango lao la mfereji, akapiga picha ya video ya ule ubao wa vipimo uliosimikwa majini na kuitaja namba kwa sauti yake. Picha zote zilikuwa kwenye diski ile, na kompyuta ilikuwa haiwaki tena.

"Fundi, kesho ni kikao," alisema. "Watu wa mfereji wa chini wanatuita wezi. Wanasema mwaka huu na uliopita tunafungulia lango nje ya zamu yetu ya maji, ndiyo maana kwao maji hayafiki. Wakiaminiwa, zamu yetu ya kiangazi inakatwa nusu. Na sisi hatujaiba. Mto wenyewe ndio umeshuka. Baba Neema alikuwa anausema kila siku humo ndani."

Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na mimi sina sauti yake mahali pengine."

Niliitoa diski, nikakigusa kibao chake cha saketi, cha chini. Kilikuwa na doa la kuungua. Nilimwambia ukweli: huenda ikasomeka mara moja tu. Ilikuwa na gigabaiti thelathini na sita. Lebo yake ilisema mia, lakini adapta pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kisanduku cha kizamani cha kuchomeka kwenye tundu la USB la kompyuta nzee, na kilikuwa kimeandikwa kumi na mbili. Nikapiga hesabu kichwani, mwepesi, mjuzi, mwanafunzi wa Mzee Mbise: megabaiti elfu thelathini na sita kwa kumi na mbili ni sekunde elfu tatu. Dakika hamsini.

"Haifiki hata saa moja, mama," nilimwambia.

Saa mbili kamili diski ikaanza kuimba, kwa sauti ya kukwaruza, lakini ikaimba. Picha zikawa zinaingia kuanzia za zamani. Tulifungua moja. Sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, ikasema, "Saa mbili asubuhi. Sentimita sitini na nne." Nyuma yake mto. Mama Neema alivuta kiti karibu, akakaa kama mtu aliyefika kwa jamaa.

Saa tatu nilitazama kile kimstari cha kijani. Kilikuwa kimejaa sehemu moja tu kati ya nane.

Moja kati ya nane! Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Ile kumi na mbili ilikuwa ndizi. Megabiti, b ndogo. Mimi niliyewafundisha wenzangu wote, niliyewakemea, sikuuliza ndizi au chana. Mganga hajigangi. Ukigawanya, kumi na mbili ni megabaiti moja na nusu, zile dakika hamsini ni mia nne, na ukiongeza maji kujikwaa na kupumua njiani, ni saa nane nzima tangu kuanza.

Wakati huohuo simu ikalia: kompyuta za chumba cha mtihani, jengo la pili, zilikuwa zimezima zote. Nikachukua bisibisi. Mlangoni nikageuka.

"Nimekosea hesabu, mama. Ni saa nane. Usiguse kitu mpaka hapo."

"Saa nane," alirudia. "Sawa, dada."

Mmeshaliona tatizo, najua. Ninyi mmelisoma kwenye karatasi, mmetulia. Mimi nilikuwa mlangoni na mguu mmoja nje.

Nilirudi saa tisa kasoro. Karakana ilikuwa kimya. Nilijua kabla sijaingia, kwa sababu hakukuwa na wimbo. Mama Neema alikuwa ameketi mikono mapajani, waya wa umeme umekunjwa vizuri juu ya meza, umefungwa kwa uzi.

"Nimefunga, dada," alisema kwa furaha. "Saa nane juu ya alama. Saa ya ukutani niliilinganisha na ya redio."

Kule kwao, nilikuja kuelewa baadaye, maji hayagawanywi kwa ndoo, hugawanywa kwa saa. Ukiambiwa zamu yako ni ya saa nane, saa nane unashusha ubao wa lango, hata kama jani moja la mahindi limebaki kavu. Ukichelewa dakika, umeiba. Nilikuwa nimemwambia mwanamke wa mfereji "saa nane", na yeye alinielewa kama watu waaminifu wanavyoelewa. Mimi nilikuwa nahesabu muda. Yeye alikuwa anatazama ukuta. Zangu zingeishia saa kumi jioni.

Niliichomeka tena diski. Kibao kikatoa moshi mwembamba, harufu kali, basi. Robo tatu zilikuwa zimeingia. Robo iliyobaki, saa mbili za kunakili, ilikuwa mwaka na nusu wa mwisho: miezi yote waliyotuhumiwa wizi, na asubuhi zote za mwisho za Baba Neema.

Nilimweleza. Sikumficha kwamba kosa ni langu, mara mbili kwa siku moja. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo yuko humo, lakini hatoki?" Nikasema ndiyo. Akaifunga kanga yake upya, pole pole. Nilitamani anitukane, ningepumua.

Kesho yake nilikwenda naye Nduruma na laptopu. Kikao kilikaa kwenye darasa la shule, ofisa wa maji mbele, wenye mfereji wa chini upande mmoja, wa Mama Neema upande wa pili. Tulionyesha picha, sauti ya marehemu ikashuka mwaka hadi mwaka: sitini na nne, hamsini na nane, hamsini na moja. Watu waliomfahamu walitazama sakafu. Kisha zikaisha.

"Mbona mwaka jana na mwaka huu hakuna?" aliuliza ofisa. "Hiyo ndiyo miaka ya malalamiko."

Nilisimama kueleza biti na baiti. Mungu anisamehe, nilifika mpaka kwenye ndizi. Darasa zima lilinitazama kwa huruma. Mama Neema akanivuta gauni nikae, akasimama yeye.

"Niliambiwa saa nane," alisema. "Nikafunga saa nane. Fundi alikuwa na maana nyingine. Nimepoteza ushahidi wetu kwa mkono wangu, na sauti ya mume wangu nimeipoteza hapohapo. Sina zaidi."

Aliyesimama baada yake ni Mzee Laizer, mwenyekiti wa mfereji wa chini, ndiye aliyeleta malalamiko. Kwanza alicheka, kicheko cha kikohozi, kisha akajifuta macho.

"Ofisa, andika ninavyosema. Huyu mama amefunga mashine yenye sauti ya marehemu mume wake kwa sababu saa imefika. Sasa mimi nimshtaki kwamba anaacha lango wazi? Nikasemee wapi? Kama maji hayafiki kwangu, basi mto umeshuka. Naondoa neno langu."

Zamu yao haikukatwa. Watu walishangilia, wakamshika Mama Neema mikono. Njiani kurudi barabara kuu alitembea mbele yangu, na tulipofika kwenye mto akasimama kuutazama ule ubao wa vipimo. "Maji tumepata," alisema. "Yeye ndiye amebaki."

Aliniachia diski. Niliiweka kwenye droo yangu ya juu, ile mliyokatazwa kufungua. Sasa mnajua kilichokuwa ndani, na kwa nini kwenye kila karatasi ya kazi nilikuwa nawalazimisha kuandika muda utakaochukua na saa ukutani itakapokwisha, vyote viwili. Mlidhani ni uzee. Kwa miaka mingi nilitafuta diski ya aina ileile, toleo lilelile, nitoe kibao chake cha chini nimpe mwenzake. Zilizokuja zote hazikufanana naye. Usingizini nilikuwa naona mfereji wa Akeri umejaa majani makavu, yamekwama nyuma ya bomba, kila jani likitaja namba.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya kustaafu, nilikwenda sokoni Kwa Mrombo kununua nyanya. Mama muuzaji alikuwa amekalia kompyuta. Si mzaha: kompyuta nzee, imelazwa ubavu, kitambaa juu yake. Niliomba aniruhusu nichungulie lebo ya diski. Akasema hiki ni kiti changu, dada, mimi nitakaa wapi? Nilikwenda duka la jirani nikamnunulia stuli ya plastiki, nyekundu, na yeye akanisaidia kubeba ile kompyuta.

Kibao kilifanana mpaka namba ya mwisho. Nilikihamishia kwenye diski ya Mama Neema kesho yake asubuhi, dirisha wazi, mlima ukiwa umejifunua wote. Skrubu nne. Diski ikanguruma, ikapanda, ikatulia kwenye noti yake. Nilikaa chini nikaisikiliza kwanza. Kisha nikaiunganisha na adapta mpya ya mia nne na themanini. Ndizi au chana, Zuhura? Ndizi. Gawanya kwa nane, sitini. Maji hayajai bomba, sema thelathini. Gigabaiti tisa zilizobaki: dakika tano. Zile saa mbili zilizonisubiri miaka yote hiyo ziliingia kabla chai yangu haijapoa.

Sikufungua hata picha moja. Hazikuwa zangu.

Siku iliyofuata nilikuwa Nduruma, sebuleni kwa Mama Neema. Amekuwa mzee, anaona kwa shida, lakini saa yake ya ukutani bado anailinganisha na redio. Tulizitazama kwa mfuatano. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Sauti ilikuwa inapungua pamoja na mto. Katika picha ya mwisho Baba Neema alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni, blanketi begani. "Saa mbili asubuhi," alisema, akapumzika. "Sentimita arobaini na moja."

Alidhani amezima kamera. Hakuwa ameizima. Ikalala kwenye majani, ikawa inaonyesha anga tu na kipande cha Meru, na tukamsikia akiita kwa nguvu alizobakiwa nazo, kuelekea langoni.

"Mama Neema! Saa imefika. Funga, wa chini wanasubiri."

Picha ikakatika hapo. Mama Neema alinyoosha mkono, akaigusa skrini pale palipokuwa na anga.

"Nimefunga, Baba Neema," alisema. "Nimefunga."